Figo Hurudisha Zaidi ya Zinachotoa: Mhadhara juu ya Figo, Mirija na Kibofu



Jambo nililoitwa kulisema mbele yenu jioni hii ni katika yale ambayo watu wetu wa pwani, kwa adabu yao njema, hawayataji barazani ila kwa kuzunguka. Husemwa kwamba fulani amekwenda haja ndogo, au kwamba anatabawali, na maneno yakaishia hapo. Adabu hiyo siipingi hata kidogo. Lakini matabibu wa zamani waliiweka kando walipoingia kazini mwao, kwani Ibn Sina, katika kitabu chake cha Kanuni ya Utabibu, ameupa mkojo sehemu yake maalumu, akaeleza rangi yake, wepesi na uzito wake, harufu yake, povu lake na mashapo yake; na kwa karne nyingi, katika nchi za Kiislamu na za Ulaya vilevile, tabibu asiyejua kuitazama chupa ya mkojo penye mwangaza hakuhesabiwa kuwa tabibu. Wako kati yao waliovuka mpaka, wakadai kuyasoma katika chupa hiyo mambo ambayo hayamo, lakini asili ya fikira yao ilikuwa sahihi, nayo ni kwamba mkojo ni habari itokayo damuni, na mwenye kuufahamu huijua hali ya mwili ambayo macho hayawezi kuifikia.

Kabla ya Ibn Sina kwa miaka mingi, katika karne ya 2 baada ya Masihi, Galen, yule tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu humwita Jalinus, aliwakuta wataalamu waliosema kwamba maji tunywayo hugeuka mvuke mwilini na kuingia kibofuni kwa kupenyapenya, na kwamba figo hazina kazi ya maana. Jalinus hakupoteza wakati wake kubishana nao kwa maneno. Alimchukua mnyama aliye hai, akaifunga kwa uzi ile mirija miwili itokayo kwenye figo, na watu wote wakaona kwamba kibofu kimebaki kitupu, ilhali mirija imevimba upande wa juu wa fundo hata karibu ya kupasuka. Kisha akaufungua uzi, na kibofu kikajaa. Akaendelea akakikamua kibofu kilichojaa, naye amekwisha kuifunga njia ya kutokea, na hata tone moja halikurudi juu mirijani. Basi kwa uzi na mikono yake alithibitisha mambo mawili pamoja: mkojo hutoka katika figo, na mlango wa kuingilia kibofuni hufunguka upande mmoja tu.

Figo zenyewe ni mbili, nazo hazikai pamoja na matumbo bali nyuma yake, zimeegemea ukuta wa mgongo, moja kulia na moja kushoto ya uti, na nusu yake ya juu imehifadhiwa na mbavu za mwisho. Ile ya kulia imeshuka kidogo, kwa sababu ini limeikalia nafasi iliyo juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimeta 11 hivi, na kwa mtu mzima uzito wake ni karibu gramu 150. Aliyewahi kumpasua mbuzi wa Idi anazijua kwa macho na kwa mkono, maana figo ya mbuzi na ya binadamu hazihitilafiani sana kwa sura: zimezungukwa na shahamu, zina rangi ya damu iliyoiva, na ukiipasua moja kwa urefu wake utaona ganda la nje la rangi moja, nyama ya ndani ya rangi nyingine yenye mistari, na katikati uwazi mweupe ambao ndio mwanzo wa mrija. Tofauti ni kwamba katika figo ya mtu ile nyama ya ndani imegawanyika mapande yenye umbo la piramidi, 8 hata 18, na ncha ya kila moja hudondosha mkojo katika kikombe chake, na vikombe vyote humimina katika uwazi ule mmoja.

Lakini kisu cha jikoni hakionyeshi lililo kubwa zaidi, nalo ni wingi wa damu inayopita humo. Uzito wa figo mbili kwa jumla haufiki hata nusu ya sehemu moja katika mia ya uzito wa mwili, na hata hivyo moyo huzipelekea humusi, na mara nyingine karibu robo, ya damu yote unayoisukuma, yaani lita 1 na zaidi kila dakika. Hakuna haja ya damu nyingi hivyo kwa kuzilisha figo zenyewe. Damu hiyo inakwenda kukaguliwa.

Namna ya ukaguzi huo ilichukua muda mrefu kufahamika. Mwaka 1666 Marcello Malpighi, Mwitaliano aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuielekeza darubini ya kukuzia vitu kwenye viungo vya mwili, aliona katika ganda la figo chembe ndogo za mviringo zilizoning'inia kwenye mishipa ya damu, naye hakuweza kujua zinaungana na nini. Ikapita miaka 176. Ndipo mwaka 1842 William Bowman, huko London, akaonyesha kwamba kila chembe ni kishada cha kapilari kilichoketi ndani ya kikombe chembamba, na kwamba kikombe hicho ndicho mwanzo wa kijirija kirefu chenye kupindapinda, ambacho mwisho wake ni kwenye ncha ya piramidi. Kishada, kikombe na kijirija chake, vikiwa pamoja, ndivyo wataalamu wanaviita nefroni, na kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja, ambazo mtu huzaliwa nazo zimekamilika. Baada ya kuzaliwa haiongezeki hata moja.

Wakati uleule wa Bowman, Mjerumani Carl Ludwig alisema kwamba nguvu ya moyo ndiyo inayoyakamua maji ya damu yapenye katika kuta za kishada na kuingia kikombeni, na kwamba chembechembe za damu na protini, kwa ukubwa wake, hubaki nyuma. Wengi walimpinga, nao walikuwa na hoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona maji ya kikombe. Ubishi huo ulikatwa mwaka 1924 huko Philadelphia, pale Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walipochukua kisindano cha kioo chembamba mno, wakakichoma ndani ya kikombe kimoja katika figo ya chura aliye hai, na kuvuta tone lililomo. Tone hilo halikuwa na protini. Lakini lilikuwa na sukari, na mkojo uliokuwa kibofuni mwa chura huyohuyo haukuwa nayo! Sukari ilikwenda wapi? Haikuwa na mahali pa kwenda ila kurudi damuni, njiani, kupitia kuta za kijirija.

Hapa, waheshimiwa, ndipo ninapotaka kutua kidogo, kwa kuwa naona shule zetu humchorea mwanafunzi figo kama chujio tu, na mtoto akatoka darasani akiamini kwamba figo huutafuta uchafu damuni na kuutupa nje, na maji mazuri yakabaki. Sivyo zifanyavyo. Mfano wake ni forodha ambayo, kila jahazi litiapo nanga, haimtumi karani kupekua shehena akitafuta magendo, bali huteremsha gatini kila kitu kilichomo isipokuwa mabaharia wenyewe, kisha hukipandisha tena kile tu inachokitambua kuwa ni mali halali ya chombo, na kisichotambuliwa huachwa gatini. Forodha ya namna hiyo ina gharama kubwa, lakini ina fadhila moja isiyopatikana kwingine, nayo ni kwamba haina haja ya kuzijua sumu zote za ulimwengu. Dawa iliyobuniwa jana, au kitu kigeni ambacho wazee wetu hawakukionja kamwe, kikipenya kikombeni na asiwepo wa kukirudisha, kitatoka.

Tazameni hesabu yake. Kutoka vishada vyote hutiririka mililita 125 kila dakika, nazo ni lita 180 kwa mchana na usiku; na kwa kuwa maji ya damu yote mwilini, ukiziondoa chembechembe, ni lita 3 tu, maana yake ni kwamba maji hayohayo hutolewa nje na kurudishwa ndani mara 60 kila siku. Katika lita hizo 180 mnakuwamo chumvi zaidi ya kilo nzima, na sukari gramu 180 hivi. Kinachotoka mwishowe ni mkojo wa lita 1 na nusu, wenye chumvi ya gramu chache kadiri ya ile tuliyoila, na sukari ambayo kwa mtu mwenye afya haionekani kabisa. Kwa hiyo kazi nzito ya figo, ile inayoteketeza chakula na hewa yake, ni kurudisha. Kukamua ni kazi ya moyo.

Kurudisha huko nako kuna kikomo. Mwenye kisukari, damu yake inapojaa sukari kupita kiasi, vijirija vyake hurudisha kadiri ya uwezo wao, na inayobaki hutoka na kuvuta maji mengi pamoja nayo, ndiyo maana hukojoa sana na kuona kiu isiyokatika. Na matabibu wa Bara Hindi katika zama za kale waliujua ugonjwa huo kwa kuona sisimizi wakiukusanyikia mkojo. Tena yako machache ambayo vijirija havingoji yaachwe, bali huyasukuma nje kwa makusudi, na penisilini ni mojawapo. Mwaka 1941 huko Oxford, dawa hiyo ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza kumponya mgonjwa, naye alikuwa askari polisi, ilikuwa haba mno hata madaktari wakawa wanaukusanya mkojo wake, wanaitoa penisilini iliyomo, na kumpa tena. Alipata nafuu, dawa ikaisha, na maskini akafa.

Sasa maji. Kijirija, baada ya kupindapinda katika ganda, hushuka ndani ya piramidi, hugeuka ghafla na kupanda tena, na kipindo hicho kinaitwa kwa jina la Jakob Henle, aliyekieleza mwaka 1862. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua faida yake. Leo tunajua kwamba kwa kushuka na kupanda huko figo hurundika chumvi katika nyama ya ndani ya piramidi, na kwamba mkojo, unapopita mara ya mwisho katikati ya chumvi hiyo, hunyang'anywa maji yake iwapo mwili una kiu. Amri ya kunyang'anya hutoka kichwani: damu ikikolea kidogo tu, ubongo huitambua, na tezi iliyo chini yake humimina homoni yenye kuzifungulia maji kuta za kijirija. Mfungaji wa Ramadhani anaishuhudia amri hiyo bila kuijua, akiuona mkojo wake wa alasiri kuwa mchache na mzito wa rangi, kisha baada ya kufuturu na kunywa ukawa mwingi na mweupe. Mlevi naye ana ushahidi wake, maana pombe huizuia homoni hiyo, na ndiyo sababu hutoa maji mengi kuliko inavyostahili na kuamka asubuhi na ukavu wa kinywa.

Lakini figo ya binadamu si figo ya panya wa jangwani, ambaye kipindo chake ni kirefu sana na ambaye yamkini amalize umri wake bila kunywa. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita, na mkojo wetu, hata ukikolea namna gani, chumvi yake haiufikii ukali huo. Baharia aliyepotelewa na pwani, akizidiwa na kiu hata akanywa maji ya bahari, atalazimika kutoa maji mengi kuliko aliyokunywa ili kuitoa chumvi aliyoimeza, na kila kikombe humwongezea kiu. Manahodha wetu walilijua jambo hilo kwa tajiriba, na ndiyo maana tangi la maji matamu lililindwa jahazini kuliko shehena.

Mtu aliyelifikiri jambo hili kwa upana kuliko wote, kwa maoni yangu, alikuwa Homer Smith, mwalimu wa chuo kikuu huko New York, naye alikuja kulitafuta jibu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1928 alifunga safari kwa ajili ya kamongo wa Ziwa Viktoria, samaki mwenye mapafu, ambaye kinamasi kikikauka hujichimbia topeni, hujifunika kwa utando, huacha tundu dogo la kuvutia pumzi, na kungoja mvua, hata kama mvua itachelewa mwaka mzima. Swali la Smith lilikuwa jepesi kulisema: anapolala huko bila tone la maji, taka za damu yake huzipeleka wapi? Alivyoona ni kwamba kamongo akiwa majini huzitoa taka hizo kwa sura ya amonia, ambayo ni sumu kali lakini maji huichukua upesi, na akiwa topeni huzigeuza urea, isiyo na ukali huo, akaikusanya mwilini mwake, mkojo umekoma, hata siku maji yatakaporudi. Ni urea hiyohiyo tunayoitoa sisi. Miaka minne baadaye Smith aliandika kisa alichokiita kwa jina la samaki huyo, Kamongo, na katika maandishi yake ya baadaye alishikilia kwamba viumbe wasingaliweza kuiacha bahari na kuishi nchi kavu kama figo zisingalijua kwanza kuwahifadhia ndani yao maji yenye chumvi ya kadiri.

Kazi nyingine za figo nitazipita upesi, si kwa udogo wake. Figo hupima nguvu ya damu na kutoa renini ya kuipandisha. Humimina homoni yenye kuiamrisha mifupa itengeneze chembe nyekundu za damu, na kwa hiyo mwenye figo mbovu huwa mweupe wa viganja na mchovu. Na huikamilisha vitamini D, ambayo pasipo hiyo mifupa hulegea.

Mkojo ukisha kutoka katika piramidi haubadiliki tena. Huingia katika mirija miwili ya urefu wa sentimeta 25 hata 30, nayo haiuachi uteremke tu, bali huusukuma kwa mawimbi ya misuli yake, na ndiyo sababu mtu aliyelala chali kibofu chake hujaa vilevile. Na ndiyo sababu pia kijiwe kilichokwama humo huleta maumivu yajayo kwa vipindi, makali hata mtu hajui alalie upande gani. Mirija hiyo hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, hivyo kibofu kinapojaa hujibana chenyewe juu ya midomo yake, na huo ndio ule mlango wa Jalinus. Kibofu cha mtu mzima huanza kudai kwa upole kikifika kiasi cha mililita 200, na kwa kawaida huhimili 400 au 500. Hufungwa na misuli miwili, wa ndani usiotii hiari yetu, na wa nje ambao mtoto hufundishwa kuumiliki. Njia ya kutokea kwa mwanamke ni sentimeta 4 hivi, kwa mwanamume hufika 20, na ufupi huo ndio unaowapa wanawake maradhi ya kuchomwa na mkojo mara nyingi kuliko waume zao. Wanaume nao hulipa deni lao uzeeni, tezi dume inapokua na kuibana njia.

Sharti nitaje adui mmoja ambaye kwetu ni mkaazi, nacho ni kichocho. Minyoo yake, dume na jike wameshikamana, hukaa kwa miaka katika mishipa ya damu inayokizunguka kibofu, na jike hutaga mayai yenye mwiba nchani, ambayo mengine hutoboa ukuta na kutoka na mkojo, yakifuatwa na damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao mwaka 1851 katika maiti aliyoipasua Cairo. Mwaka 1910 mayai yaleyale yakapatikana katika figo za Wamisri wa kale waliokaushwa, wenye umri wa miaka elfu 3. Na mwaka 1915 Robert Leiper, hukohuko Misri, akaonyesha kwamba yai likifika maji matamu huangua kidudu kinachomtafuta konokono, hukua ndani yake, kisha vidudu vingine humtoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Bahari haina konokono hao. Wamo katika mito, madimbwi na mabonde ya mpunga, na Unguja na Pemba wanajulikana tangu zamani. Katika nchi nyingi za Afrika, damu katika mkojo wa mvulana ilidhaniwa kuwa ni dalili ya kubaleghe, na watu hawakuishughulikia. Ubaya wa kichocho ni kwamba damu ile ndiyo sehemu yake nyepesi. Mayai yasiyotoka hubaki katika ukuta, ukuta hukakamaa na kushika chokaa, midomo ya mirija huzibana, mkojo hurudi nyuma, na figo, ambazo mnyoo hakuzigusa, huvimba na kufa kwa mgandamizo. Na wengine baada ya miaka mingi hupata saratani ya kibofu. Dawa ipo, ni vidonge vya kumeza kwa siku moja, lakini mtoto aliyepona akirudi bondeni kesho ataupata ugonjwa tena.

Na figo zikisha kufa? Mpaka katikati ya karne ya 20 jibu lilikuwa moja. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imetekwa na Wajerumani, Mholanzi Willem Kolff alizungusha damu ya mgonjwa ndani ya mrija mwembamba wa selofani, wa aina iliyotumiwa kufungia soseji, uliozungushwa juu ya pipa na kuzamishwa katika maji yenye chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, na mwaka 1945 akampata wa kwanza aliyeokoka kwa sababu ya mashine hiyo. Angalieni lakini kwamba mashine, hata za leo, haziwezi kufanya lile ambalo nimelisimulia tangu mwanzo: hazijui kurudisha. Huachia taka zitoke, na ili chumvi na sukari zisitoke pamoja nazo, lazima maji ya kuoshea yapimwe na kutiwa chumvi na sukari hizo mapema na mkono wa binadamu, kisha mgonjwa alale hapo saa 4, mara 3 kwa juma. Kwa hiyo matabibu walitamani figo yenyewe, na mwishoni mwa mwaka 1954 Joseph Murray na wenzake, huko Boston, waliitoa figo ya kijana mmoja na kumtilia pacha wake aliyefanana naye kabisa, nayo ikafanya kazi. Aliyetoa hubaki na moja, na hiyo moja, katika majuma machache, huongezeka ukubwa na kuichukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, si kwa kuzaa nefroni mpya, kwa kuwa hilo haliwezekani, bali kila nefroni iliyobaki hunenepa na kurudisha zaidi.